Fundi na Watu wa Kwao

Saa yake ya mkononi haikufuata saa za Sumbawanga. Aliishi kwetu miaka kumi na minne, akatengeneza mashine za kusaga kuanzia Kasense mpaka Kate, na karibu muda wote huo saa ile ilibaki nyuma kwa saa moja, vilevile ilivyokuwa siku aliyovuka mpaka kutoka Zambia. Ukimwambia njoo saa tatu asubuhi, anafika saa nne. Ukilalamika, anakunyooshea mkono ujionee mwenyewe: saa tatu kamili. Wenye mashine walimzoea. Mimi nilimzoea kuliko wote, na niseme mapema kwamba nilijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Mjini kwetu mafundi ni wengi, lakini ukisema Fundi peke yake, bila kuongeza wa nini, ilijulikana ni yeye. Karakana yake ilitazamana na kibanda changu cha kunyoa. Tulianza kujuana siku aliyokuja kunyoa ndevu, na kwenye televisheni yangu ndogo, kwa bahati tu, Zambia walikuwa wanaingia uwanjani. Nilikuwa nimeshampaka povu upande mmoja. Akanishika mkono, akasimama, na hakukaa tena mpaka mpira ulipokwisha. Povu lilimkaukia shavuni. Wateja wawili walikata tamaa wakaondoka. Zambia walipofungwa, akakaa kitini na kusema, "Sasa malizia, bwana kinyozi."

Tangu siku hiyo, kila Zambia ilipocheza, kibanda changu kilikuwa cha kwake na mimi nilikuwa wa kwake. Ninasema hivyo bila aibu. Mke wangu aliwahi kusema kwamba tangu tuoane hajaona ninamfagilia mtu sakafu kama nilivyomfagilia Fundi siku za mpira.

Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakuwa na papara. Akifika kwenye mashine mbovu, haigusi kwanza. Anaomba iwashwe, anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, anafumba macho. "Beringi hii inalia," anasema. Au, "Mkanda huu umechoka, msiusingizie mota." Kisha anaanza kufungua nati moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mstari, na ole wako uziguse. Wamama waliokuja na ndoo zao za mahindi waliambiwa wasiondoke. "Taratibu, lakini leo," ndivyo alivyokuwa akisema, na kweli, hawakurudi na mahindi nyumbani.

Isipokuwa siku ya mpira. Siku hiyo hata nati moja hakushika. Mama mmoja mwenye mashine kule Pito alimfuata na bodaboda mpaka kibandani kwangu, amekasirika kweli, akamwambia watu wamejaa mashineni na unga hakuna majumbani. Fundi akapiga goti na kupiga makofi taratibu, maana ndivyo alivyowasalimia wakubwa. Shikamoo aliipokea kwa furaha, ila mwenyewe kuitoa ilimshinda. Akasema, "Mama, mahindi yako hayataoza leo. Timu yangu inaweza kuoza leo." Yule mama akakaa amsubiri, amenuna. Kufika kipindi cha pili alikuwa anamtukana refa kuliko sisi wote.

Chakula nacho kilikuwa na kanuni zake. Siku za kawaida Fundi alikula ugali wa ulezi kuliko Mfipa yeyote ninayemjua, na kutwa alikuwa akiusifu kwamba unakaa tumboni. Siku ya mpira hataki hata kuuona. Lazima ugali mweupe wa mahindi, na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Aliamini ulezi unaleta mkosi golini. Nilimwambia siku moja kwamba golikipa wao hajui hata Sumbawanga iko wapi, atadhuriwaje na ulezi wetu? Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaendelea kumenya karanga.

Jambo ambalo lilinifunga kwake kabisa lilikuwa penalti. Fundi, mtu aliyewahi kuingiza mkono mzima ndani ya mashine kabla haijatulia vizuri, hakuweza kutazama penalti. Alikigeuza kiti akatazama ukuta, kwenye bango langu la mitindo ya nywele, na mimi nikawa macho yake.

"Anapiga nani?"

"Namba saba."

"Anatembeaje kwenda kwenye mpira?"

"Anatembea polepole. Anarekebisha soksi."

"Soksi! Mungu wangu. Kipa wao je?"

"Anarukaruka."

"Mrefu?"

"Mrefu, Fundi."

"Ungenidanganya tu, bwana."

Sikuwahi kumdanganya. Kama mpira uliingia nilipiga kelele, na kama haukuingia nilimwekea mkono begani, akajua. Nimenyoa wakuu wa idara, nimenyoa maharusi na mapadri, na hakuna kazi niliyoipenda kama hiyo ya kumtazamia mtu penalti.

Nilijifunza mengi kwa ajili yake. Nilijua majina ya wachezaji wao mpaka wa akiba. Nilijifunza nyimbo mbili za Kibemba nisizozielewa. Nilinunua jezi ya kijani mnadani. Ilifika siku Tanzania ikacheza na Zambia, kibanda kimejaa vijana wa mtaa, Fundi peke yake mgeni. Tulipopata bao, banda lote liliruka, mimi nikabaki nimekaa na kitana mkononi. Sikutaka kumuumiza. Vijana wakanigeukia. "Kinyozi, mshikaji, vipi? Umelogwa na Mzambia?" Fundi ndiye aliyenishika mkono akaninyanyua. "Shangilia, mdogo wangu," akaniambia. "Ni haki yako." Nikashangilia, lakini kwa shingo upande, na nadhani aliona. Zambia waliposawazisha alitoka nje akashangilia peke yake barabarani, kwenye upepo, anazunguka na mikono juu, na hakuna mtu wa kumkumbatia. Ningeweza kwenda. Vijana walikuwa wananitazama, nikabaki ndani.

Pengine aliona upweke wake siku ile. Baada ya hapo nilimsikia mara nyingi akiuliza wasafiri kama wanamjua mtu yeyote wa kwao.

Akampata. Alikuwa sokoni, akamsikia mwanamume mmoja anapatana bei ya nyanya kwa Kiswahili kibaya, halafu anaguna kwa Kibemba. Fundi alikuja kwangu anakimbia, mtu mzima, koti linapepea. "Nimempata mtu!" Nilimfurahia kwa moyo wote, na furaha hiyo ilidumu kiasi cha kunyoa kichwa kimoja. Yule mtu alikuwa dereva wa greda kwenye ujenzi wa barabara. Dereva alikuwa na wenzake watatu. Wenzake wakamjua mama mmoja anayeuza vitenge, mama naye akamjua nesi wa kutoka Kitwe aliyeolewa na Mfipa. Katika miezi michache walishakuwa saba, na dereva alikuwa amepanga nyumba kubwa yenye televisheni kubwa.

Nilialikwa. Ningependa kusema kwamba walinitenga, lakini haikuwa hivyo. Kila mara Fundi alinipitia mwenyewe, na kila mara walinipokea vizuri. "Mwaiseni, mwaiseni," wananiambia, karibu, wananipa benchi la karibu na mlango na sahani iliyojaa. Walianza mazungumzo kwa Kiswahili kwa heshima yangu. Baada ya dakika kumi mpira ukipamba moto wanasahau, Kibemba kinawatoka, na mimi ninabaki kutazama midomo. Ningekuwa nimetukanwa ningejua pa kuanzia.

Niliona wivu. Hakuna jina lingine. Fundi alikuwa na kicheko cha kifuani ambacho kwa miaka yote ile kibandani kwangu sikuwahi kukisikia, na kumbe alikuwa nacho. Alimwambia dereva jambo, dereva akampiga paja, wote saba wakaanguka kwa kucheka. Nikamuuliza, "Mmesema nini, Fundi?" Akajaribu kunitafsiria, akafika katikati akakata tamaa. "Ukiisema kwa Kiswahili haichekeshi," akasema. Nikacheka hivyohivyo, kwa adabu.

Siku ya penalti ndiyo iliyonimaliza. Fundi akakigeuza kiti kutazama ukuta, na mimi nikainuka kwenye benchi langu, maana nilijua kazi yangu. Kabla sijavuka chumba, dereva alishapiga magoti nyuma yake na kuanza kumweleza kwa Kibemba, haraka haraka, kwa mbwembwe. Sikuelewa neno. Nilichoona ni mabega ya Fundi yakitikisika kwa kicheko. Nilirudi kukaa, na nikasema ninaumwa kichwa ili niwahi kuondoka.

Nyumbani mke wangu aliniangalia ninavyovua viatu. "Una wivu kama mke mwenza," akasema.

"Wivu wa nini? Wale ni ndugu zake."

"Ndiyo hapo sasa. Mke mwenza naye ni ndugu."

Nilikasirika, na hasira yenyewe ikamthibitishia.

Sasa nifike kwenye nililolifanya. Upepo wa mwezi wa saba uling'oa dishi la dereva siku mbili kabla ya mechi kubwa. Fundi akaja kwangu. Simu yake ilikuwa imeharibika, akaniomba mambo mawili: wakutane kibandani kwangu, na mimi niwapitie wenzake niwaambie muda. "Saa kumi jioni, saa za kwenu," akasisitiza, akagonga saa yake ya mkononi ili nisichanganye. Nikaenda mpaka kwa dereva, nikamkuta na wenzake karibu wote. Nikawaambia saa kumi na moja.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka, na lilipotoka sikulirudisha. Nikaenda nikafagia, nikamenya karanga mwenyewe, nikapanga viti, vyote, hata vya watu niliojua hawatafika kwa wakati.

Nilichotaka ni kipindi kimoja tu kama zamani, mimi na yeye. Nilikipata. Fundi alikaa palepale pake, mimi pembeni yake, na mpira ukaanza, naye akawa anatazama mlango. Kila pikipiki iliyopita aligeuka. "Umewaambia kweli?" akaniuliza. "Nimewaambia, Fundi." Zambia walifunga mapema, bao zuri kabisa. Akaruka akanikumbatia, na huku amenikumbatia nilihisi kichwa chake kikigeuka tena barabarani. Sijawahi kutazama mechi ndefu kama ile. Karanga zile hakuna aliyezigusa.

Walifika wakati wa mapumziko, wanacheka, wamebeba vinywaji, wakidhani wamewahi. Walipoona matokeo walipiga kelele na kujishika vichwa. Dereva hakunishuku hata kidogo. Alimshika Fundi mkono akaigonga ile saa. "Ni hii saa yako inayotuchanganya! Mara saa za huku, mara za kule, nani ataelewa?" Wote wakamcheka. Na Fundi, ambaye hakuwa na kosa lolote, akaomba radhi. Akasema kweli, bila shaka aliutaja ule muda vibaya aliponituma. Kisha akaivuta ile mishale kwa ukucha, mbele ya macho yangu, akaisogeza mbele saa moja.

Wenye mashine wa Kasense na Pito walishangaa sana wiki zilizofuata, kumwona anafika mapema. Waliniuliza imekuwaje. Nikawaambia sijui. Nimeishi na jambo hilo, na ninaliandika hapa kwa sababu Fundi hasomi Kiswahili, anakisema tu.

Barabara ilikwisha, dereva na wenzake wakahamishwa. Nesi alimfuata mumewe Mbeya. Ningesema kwamba Fundi alinirudia, ila haikuwa hivyo. Alikuja kutazama mpira kama zamani, akageuzia kiti chake ukutani kama zamani, lakini sasa alikuwa mtu aliyeachwa, na mimi nilikuwa kile kilichobaki. Mwaka haukuisha dada yake akaugua kule Mbala, upande wa pili wa mpaka, naye Fundi akafunga karakana. Nilimnyoa siku ya mwisho. Nilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimwazia anavyorudi kwenye nchi nzima ya watu wa kwao, kila kibanda kina Kibemba, na nikajua kwamba sasa nimeshindwa moja kwa moja.

Mwaka jana ndugu za mke wangu wa upande wa Zambia walikuwa na harusi, tukavuka mpaka pale Kasesya kwenda Mbala. Asubuhi baada ya harusi nilimpigia simu. Sauti ikawa ileile. "Shikamoo Fundi," nikasema, akaidaka kabla sijamaliza. "Marahaba, marahaba! Uko Mbala? Njoo leo hiihii. Leo tunacheza."

"Zambia na nani?"

"Zambia gani? Tanzania, bwana! Sisi!"

Nilidhani ananitania. Nilipofika kwa dada yake nilimkuta barazani amevaa jezi ya bluu ya timu yetu ya taifa, amezeeka, mashavu yameingia ndani, na televisheni imetolewa nje chini ya bati. Kwenye mkeka na viti kulikuwa na Watanzania watano: madereva wanne wa malori na mama mmoja wa Mbeya anayeleta mchele. Alikuwa amewakusanya mmoja mmoja, stendi na sokoni. Aliniambia akiwa amenishika mikono yote miwili, "Nilipokuwa kwenu nilikuwa Mzambia. Hapa wananiita Mtanzania. Watoto wa dada yangu wanacheka ninavyosema." Akawageukia wale wengine. "Huyu ni kinyozi wangu wa Sumbawanga." Kisha akaenda kurekebisha dishi.

Kinyozi wangu. Miaka kumi na minne. Nikakaa, nikawatazama wale watano wanavyomwita babu na kumtania na kumwekea mto mgongoni, na wivu ule wa zamani ukanirudia mzima, safari hii kwa watu wa nchi yangu mwenyewe. Yule mama wa Mbeya ndiye niliyemchukia zaidi, kwa sababu alijua Fundi anapenda chai ya sukari ngapi.

Tulikuwa tunacheza na timu ya taifa ya nchi moja ya kaskazini. Tulijitahidi, jamani. Mpaka zimebaki dakika tatu ilikuwa sare, na sare ilitutosha kusonga mbele. Beki wetu akarudisha mpira nyuma bila kuangalia, mshambuliaji wao akaupitia, akafunga, basi.

Dereva mmoja alivua kofia akaiweka gotini. Mama wa Mbeya akaanza kulia kimyakimya, anajifuta kwa ncha ya kitenge. "Kila mara," akasema. "Kila mara tunafanyiwa hivihivi dakika za mwisho." Nikasikia sauti yangu inamjibu: "Beki yule, mama. Tangu mwanzo nilimwona." Dereva akasema angekuwa yeye kocha angemtoa mapumziko. Mwingine akabisha. Mara tukawa tunaongea wote kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake, na tunaelewana kila neno. Mkono wangu ulikuwa begani kwa mtu ambaye jina lake sijalijua mpaka leo. Macho yangu yalikuwa yameloa. Miaka yote ile nilikuwa nahangaika na timu ya mtu mwingine, sikujua kwamba hiki kipo na kilikuwa changu muda wote.

Fundi alikuwa ameingia ndani. Alitoka na jagi la maji na vikombe. "Poleni, jamani," akasema. "Poleni sana." Macho yake yalikuwa makavu. Akammiminia kila mmoja, akakaa kwenye kiti chake, akajaribu kusema neno kuhusu yule beki, lakini tulikuwa tumeshahamia kwa refa. Akangoja. Akajaribu tena, dereva mmoja akamkatiza bila hata kujua kwamba amemkatiza. Akakishika kikombe chake kwa mikono miwili, na tulipocheka kidogo kwa uchungu naye akacheka kidogo, nyuma yetu kwa nukta moja.

Uso ule ninaujua. Niliuvaa mwenyewe miaka mitatu. Fundi alikuwa anatuonea wivu, ndani ya nchi yake, kwenye baraza la dada yake, amevaa jezi yetu.

Palikuwa na nafasi kwenye mkeka, ubavuni kwangu. Ilikuwa ni kumwita tu. Mama wa Mbeya akaniuliza ninakaa mtaa gani kule Sumbawanga, nikamgeukia, nikaanza kumweleza, na sikuwa na haraka ya kumaliza.